Vuta Kona: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mwalimu Wetu wa Sayansi

Jumanne ya wiki iliyopita, wakati wa mapumziko ya saa nne, shule hii ilipoteza Chumba cha Kurasa. Kufuli lilitiwa, na mlangoni ikabandikwa karatasi yenye neno moja: STOO. Naanza na hilo kwa sababu wengi wenu mliokaa humu ukumbini leo hamna habari, na kwa sababu anayestaafu hatalisema. Yeye hulalamika mara moja kila miaka kumi, na zamu yake ilishapita.

Sasa tuanze upya, kama inavyotakiwa kwenye programu ya sherehe. Mwalimu wetu wa sayansi, ambaye nusu ya mji inamjua kwa jina la Mwalimu Kona, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Yote ameitumikia hapa, katika shule hii ya kati, akifundisha darasa la sita, la saba na la nane. Kila mwaka amepokea wanafunzi wapya kama mia na ishirini. Piga hesabu mwenyewe. Ukikutana na mtu mzima sokoni anayeweza kukuonyesha ini liko upande gani bila kwanza kujipapasa, huyo amepita kwake.

Alifika akiwa msichana mwembamba mwenye boksi la chaki za rangi, na kwa miaka mingi chaki hizo ndizo zilizokuwa maabara yake. Alikuwa akichora ubaoni moyo wa binadamu, wenye vyumba vinne, mishipa ya bluu na mishipa myekundu, mpaka unadhani unausikia ukidunda. Mzee wa usafi wa wakati ule aligoma kuufuta. Alisimama na kitambaa chake mkononi, akasema, "Mimi moyo wa mtu sifuti," akaondoka zake. Mwalimu wa historia akaingia kesho yake asubuhi, akawafundisha wanafunzi habari za wafalme pembezoni mwa ubao, wafalme wote wakiuzunguka moyo.

Lakini yeye mwenyewe hakuridhika. Alikuwa ameona jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tunalipita kila siku. Moyo uliokuwa na vyumba vinne ubaoni, ukifika kwenye daftari unakuwa na vitatu, na ukifika kwenye karatasi ya mtihani unakuwa kiazi. Wanafunzi walikuwa wananakili, hawaangalii. Mtoto anaweza kunakili kitu miaka mitatu na asikione hata siku moja.

Dawa ya hilo aliipata mahali ambapo hakuna aliyeitafuta. Kiwanda kidogo cha uchapaji pale mjini kilikuwa kinabadilisha mitambo, na kompyuta tano za zamani zilikuwa zinasubiri kutupwa. Ndani yake mlikuwa bado na programu ya kupanga kurasa, ile ile waliyokuwa wakitengenezea kalenda, vipeperushi na kadi za harusi. Mwalimu akaziomba. Walipomuuliza za nini, akasema za kufundishia mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Walidhani anatania, wakampa.

Mumewe, shemeji yetu fundi seremala, alizileta kwa mkokoteni, zimefungwa kwa mablanketi kama wagonjwa. Chumba walichopewa kilikuwa kile cha mwisho wa varanda, karibu na ngazi. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba wakati huo kilikuwa stoo. Kilikuwa kimejaa viti vilivyovunjika, ngoma moja iliyotoboka na ramani ya dunia iliyoliwa na panya bahari zote. Shemeji akavitoa viti, akavipanga chini ya ngazi, kisha akatengeneza meza ndefu ya kuzunguka kuta tatu, na hapo ndipo pakawa Chumba cha Kurasa. Sikilizeni hapo vizuri: viti viliwekwa chini ya ngazi, na vilienea. Nitarudi kwenye ngazi hiyo.

Kuijua programu ndiyo ilikuwa kazi. Likizo yote ya mwisho wa mwaka mwalimu wetu alikaa pale kiwandani kwenye kigoda, pembeni ya mpangaji kurasa, binti ambaye aliwahi kumfundisha darasa la saba. Binti anamwita "Mwalimu" kwa mazoea. Yeye naye anamwita binti "Mwalimu" kwa heshima ya mafunzo. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua kadi zake alichoka kusikiliza, akauliza, "Samahani, kwani hapa mwalimu ni nani?" Binti akamjibu bila kuinua macho, "Aliyeshika kipanya."

Wapo walimu waliosema kwamba huo ni mchezo wa kompyuta uliovalishwa koti la sayansi. Waliosema hivyo hawakuwahi kukaa kwenye kipindi chake. Mimi nilikuwa na bahati ya kufundisha hisabati chumba kinachofuata, ukuta mmoja katikati yetu, tena ukuta mwembamba, kwa hiyo nimesikia karibu vyote. Mimi hisabati nilijifundisha mwenyewe nyuma ya kaunta ya duka la vipuri kabla sijaingia chuo, na kazi inayofanyika naijua hata nikiisikia kupitia ukutani.

Utaratibu ulikuwa hivi. Hakuna mwanafunzi aliyegusa kipanya kabla hajauchora ukurasa wake kwa penseli: kichwa cha habari kiko wapi, picha iko wapi, maandishi yana safu ngapi. Kila kundi lilipewa ukurasa mmoja na fremu moja ya maandishi yenye nafasi ya maneno sitini. Eleza jinsi jani linavyotengeneza chakula, kwa maneno sitini. Eleza kwa nini chuma kinapata kutu, kwa maneno sitini. Mtoto anayejua kitu nusunusu huhitaji maneno mia mbili ya kukizungukia. Anayekijua anaingia kwenye sitini na nafasi inabaki. Na kama maneno yamezidi, ile programu huweka alama ndogo nyekundu chini ya fremu kuonyesha kwamba mengine yamebaki nje, hayaonekani. Hapo ndipo nilipokuwa nikimsikia kupitia ukutani, "Mwanangu, maneno yako yamebaki nje, yananyeshewa. Ama uyaingize ndani, ama uyaage." Kisha ukimya wa mtoto anayekata maneno, halafu kelele za kundi zima, "Yameingia! Mwalimu, yameingia!"

Umeme ulipokatika, somo halikukatika. Kulikuwa na boksi la fremu za karatasi, zimekatwa kwa vipimo vile vile, na wanafunzi walizisogeza mezani kwa vidole wakibishana picha ikae kushoto au kulia. Umeme ukirudi, walikuwa wanahamisha tu.

Sasa tufike kwenye kona, maana wageni wengi wameniuliza jina hilo limetoka wapi.

Katika mwaka wa kwanza wa Chumba cha Kurasa, darasa la saba walipanda maharage kwenye chupa za plastiki zilizokatwa, ili mizizi ionekane. Walipima, walipiga picha, wakaandaa jarida la kwanza la sayansi la shule hii, kurasa nne, kwa ajili ya siku ya wazazi. Kila picha ilikuwa na mstari mdogo wa kipimo chini yake, ulioandikwa sentimita moja, ili msomaji ajue ukubwa wa kweli. Hilo lilikuwa sharti la mwalimu. Basi kundi moja likabaki na pengo pembeni ya picha yao ya mzizi. Pengo baya, la vidole viwili. Wakafanya ambalo yeyote angelifanya: wakaishika picha kwa ubavu wa kulia, wakaivuta mpaka ikajaza pengo. Ukurasa ukapendeza. Mzizi ukanenepa. Mstari wa kipimo, ambao ulikuwa kitu chake peke yake, ukabaki pale pale ukisema sentimita moja kwa ukweli wake wote.

Kundi la pili, lililokuwa na kazi ya kuandika matokeo, halikurudi kwenye chupa. Lilichukua rula, likapima mzizi kwenye ukurasa uliochapwa, likalinganisha na mstari wa kipimo, likaandika kwa uaminifu kabisa kwamba baada ya majuma mawili mzizi mkuu wa harage ulikuwa na unene wa sentimita moja na nusu.

Siku ya wazazi, baba mmoja mkulima alisimama mbele ya ukurasa ule akasoma, akarudia kusoma, akavua kofia. Akamwita mwenzake. Wakamwita wa tatu. Hatimaye wakamfuata mwalimu wetu wakiwa watano, na yule wa kwanza akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba siri, "Mwalimu, hii mbegu mmeitoa wapi? Kama mzizi ni huu, hilo harage lenyewe si litabebwa na watu wawili?"

Mwalimu wetu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwepo. Lakini alipoinuka hakuwa anacheka tena. Aliwaita wanafunzi wa makundi yote mawili mbele ya wale wazazi, akawaambia wawaeleze wenyewe kilichotokea. Kisha wakachapa sahihisho. Baadhi yetu tulimshauri aliweke chini ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo, kama watu wote wafanyavyo. Akakataa. Alisema kosa la ukurasa wa kwanza halisahihishwi ukurasa wa nne. Sahihisho likatoka mbele, kwa herufi za ukubwa ule ule wa kosa, likiwa na picha mbili za mzizi zimekaa bega kwa bega: uliovutwa kwa ubavu na uliovutwa kwa kona. Maana ndiyo siri yenyewe, na ni hesabu ya uwiano tu: ukivuta picha kwa ubavu, upana unaongezeka na urefu unabaki, umbo linakuwa uongo; ukivuta kwa kona, mstari wa kipimo ukiwa umefungwa pamoja na picha, vyote vinakua pamoja, na kitu kinabaki kile kile.

Tangu siku hiyo ukutani pale mbele pakaandikwa maneno mawili: VUTA KONA. Na shule nzima ikapata msamiati mpya. Mtoto akichelewa akaja na hadithi ya mbwa aliyemfukuza mitaa mitatu, wenzake wanamwambia, "Hiyo umeivuta ubavu, bwana." Mwalimu akisema darasa lake limefaulu wote, tunamuuliza kama ni kwa kona au kwa ubavu. Hata mama mpishi wetu, maziwa yakipungua, hutoka na birika akitangaza mapema, "Jamani, chai ya leo nimeivuta ubavu, msinishitaki." Baba yule mkulima, ambaye mpaka leo rafiki zake wanamwita Mbegu, ndiye mzazi ambaye hajakosa toleo hata moja la jarida. Leo yupo, safu ya tatu. Shikamoo, mzee Mbegu.

Matoleo yamefika thelathini na nane. Sitayataja yote, lakini la maji siwezi kuliacha. Darasa la nane walichota maji ya bomba la shule kwenye chupa nyeupe, wakayaacha yatulie, wakapima tope lililokaa chini: milimita nane. Wakachapa picha ya chupa kwa ukubwa wake halisi, bila kuongeza wala kupunguza, wakaliandikia jarida kichwa kifupi, "Haya Ndiyo Tunayokunywa." Nakala moja ikafika kwa wenye mamlaka ya maji. Siku chache baadaye akaja bwana mmoja kwa gari, amekasirika, jarida limekunjwa mkononi kama rungu. Aliingia Chumba cha Kurasa bila kubisha hodi, akalipiga jarida mezani, akasema, "Nyinyi watoto, hii picha mmeivuta!"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Maskini hakujua ametumia neno la watu. Mwalimu wetu alimpa msichana aliyekuwa karibu ishara ya kichwa, na yule msichana akaileta chupa yenyewe kutoka dirishani, tope lake bado chini, akaiweka juu ya ukurasa. Ililingana na picha yake kama mguu na kiatu. Akampa bwana yule rula, akamwambia kwa adabu zote, "Pima, mjomba." Mjomba akapima chupa. Akapima picha. Akakohoa. Tangi letu lilisafishwa kabla juma halijaisha, na yule bwana kila mwaka huuliza kama toleo jipya limetoka, nadhani kwa tahadhari.

Nikija kwenye matokeo, hapa ndipo kwangu, na sitavuta ubavu. Nimejumlisha mwenyewe alama za swali la michoro katika mtihani wa sayansi wa darasa la nane. Katika miaka sita kabla ya Chumba cha Kurasa, wastani ulikuwa alama nne kati ya kumi. Katika miaka sita iliyofuata, ulikuwa saba. Sisemi ni programu peke yake. Katika miaka hiyo hiyo madarasa yalipungua kutoka wanafunzi hamsini na watano hadi arobaini na watano, na hilo nalo limesaidia. Lakini shule jirani nayo ilipunguza madarasa kama sisi, na swali hilo hilo kwao limetoka nne likaenda tano. Iliyobaki ni alama mbili, na alama hizo mbili zilikuwa zinatengenezwa upande wa pili wa ukuta wangu.

Mengine hayana hesabu. Alikuwa na tabia ya kuzungumza na printa. Ikikwama karatasi alikuwa akiigonga kidogo begani, kama ina bega, akaiambia, "Mama, na wewe umechoka, najua, lakini tumalize." Alikuwa hawezi kupita kibao chochote mjini bila kukikagua, kuna kinyozi mmoja aliyebadilisha bango lake baada ya kuambiwa kwamba mteja aliyechorwa pale amevutwa kwa ubavu na nywele zikimalizika atabaki na kichwa cha chungu. Wenzake wa rika lake tulimwita dada, na hakuwahi kukataa kumshikia kipindi mtu aliyeuguliwa. Alipouguliwa yeye na mama yake, alikuja na kazi za wanafunzi zimepangwa kwenye flashi, moja moja, na maelezo kwa kila kundi. Hatukujua mzigo aliokuwa nao mpaka tulipoitwa msibani.

Kwa hiyo Jumanne iliyopita, karatasi ya STOO ilipobandikwa, ilikuwa imebandikwa juu ya kazi ya miaka kumi na sita. Wanafunzi wa darasa la saba ndio walioiona kwanza. Na nataka mjue walichokisema, kwa sababu kinamsifu mwalimu wao kuliko hotuba yoyote. Hawakusema, "Wametufungia." Mmoja alisimama mbele ya ile karatasi, akainamisha kichwa, akasema, "Angalieni hizo O. Zimevutwa ubavu." Kweli. Mtu wa ofisini alitaka neno lijaze karatasi, akazitanua herufi mpaka zikawa kama mayai yaliyokaliwa.

Ofisi ilipoulizwa ikasema panahitajika pa kuweka viti arobaini vya ziada, na kwamba ni kwa muda. Nianze na viti. Viti vyetu hupandishwa kimoja juu ya kingine, vinane kwa rundo. Arobaini ni marundo matano. Kila rundo linachukua nusu mita kwa nusu mita. Nafasi ya chini ya ngazi, ile ile aliyoitumia shemeji, nimeipima kwa futi ya chuma: ina urefu wa mita tatu na kina cha mita moja na robo, na hata upande wenye kimo kifupi kabisa rundo linaingia. Marundo matano yakipangwa mstari mmoja yanakula mita mbili na nusu, na nusu mita inabaki kwa fagio na ndoo. Kuhusu "kwa muda": darasa letu la muda la mabati lilijengwa mwaka aliozaliwa kifungua mimba wangu. Kifungua mimba wangu sasa ananyoa ndevu.

Kisha ikatoka ratiba ya muhula ujao. Nimeisoma mara mbili, halafu nikampa mwalimu wa jiografia aisome kwa macho yake. Vile vipindi viwili vya Jumatano, vya kurasa, havimo. Hakuna aliyeandika kwamba vimefutwa. Vimebaki nje ya fremu tu, vinanyeshewa.

Wala si kwamba hakuna wa kuviendesha. Mwalimu wetu hakungoja ukutani pabandikwe tarehe yake ya kustaafu ndipo atafute mrithi. Kwa miaka mitatu amekaa na mwalimu mwenzake wa sayansi, yule mrefu tunayemwita Mlingoti, akimpa kipanya na kukaa yeye kwenye kigoda. Toleo la thelathini na nane Mlingoti amelitoa na darasa la saba bila msaada wa mtu. Nimezipima picha zake zote. Zote kona.

Siku ile ya ratiba nilikwenda kwa mwalimu wetu nikiwa nimechemka. Nilimkuta kwenye meza ya walimu anapanga slaidi zake za darubini ndani ya boksi la viatu. Nikasema maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga boksi, akaniambia, "Kaka, usije ukaniaga kwa hasira. Mimi ndiye ninayestaafu. Somo halijafikisha umri." Kisha akauliza kama darasa la saba wamepata pa kumalizia kazi yao. Nikamwambia wamehamishia kompyuta moja na printa kwenye chumba changu. Akasema basi vizuri, akaendelea na slaidi.

Ndiyo maana programu hii mliyoishika imepangwa kwenye chumba cha hisabati, kati ya mbao za jometri na fagio. Picha ya mbele nayo ina kisa chake. Wanafunzi walitaka mwalimu wao aonekane mrefu kidogo, wakamwomba shemeji ruhusa. Shemeji akakataa katakata. "Mke wangu ni mfupi," alisema, "nimemwoa mfupi, nimezeeka naye mfupi. Atakayemvuta juu tutaonana." Basi yuko hapo mbele kwa vipimo vyake. Na mimi niliwekewa fremu ya kurasa mbili. Mnavyoona nimezidisha, na darasa la saba wameshanionyesha ile alama nyekundu mara tatu.

Kwa hiyo nafupisha. Dada, ahsante kwa mioyo ya chaki na mizizi ya maharage. Ahsante kwa watoto waliojifunza kuangalia kabla ya kunakili, na kwa walimu waliojifunza hivyo hivyo kwa kuchelewa. Shemeji, tunakurudishia mkeo akiwa mzima, ila ana madoa ya wino kwenye kidole cha shahada ambayo hatukuweza kuyatoa. Tumesikia kwamba mmepanga kutengeneza kipeperushi cha karakana, chenye picha za viti na makabati. Wateja wako wamepata bahati, kwa sababu kabati watakaloliona kwenye karatasi ndilo watakalolikuta. Maisha yenu yajayo yawe marefu na yawe mapana, vyote viwili pamoja, kwa kona, kisibaki hata kimoja nyuma.

Limebaki moja, nalo ni lako, Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote. Wewe ndiye utakayesimama baada ya waraka huu kusomwa, na wageni wanaanza kuondoka saa kumi. Walimu wenzangu kumi na wanne wamenituma nikuulize mbele ya anayehusika, angali bado mwalimu wa shule hii: Chumba cha Kurasa kitafunguliwa siku ya kwanza ya muhula, na vile vipindi viwili vya Jumatano vitarudi kwenye ratiba, ndiyo au hapana? Tunaomba jibu kabla ya saa kumi.

Ukigeuza programu hii utaona ukurasa wa nyuma una fremu moja tupu, haina hata nukta. Tumeiacha kwa makusudi. Printa imewashwa chumbani kwangu na Mlingoti amekaa nayo, ili kila mgeni apite getini akiwa na ukurasa uliokamilika. Darasa la saba wameijaribu fremu hiyo kwa herufi za ukubwa ule ule wa neno STOO, ila hizi hazijavutwa. "Ndiyo" inaingia. "Hapana" nayo inaingia, kwa kubana kidogo. "Tutaliangalia" haiingii.